Msiisingizie kompyuta ndogo

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja ameshauri shule zetu zisinunue kompyuta ndogo za bei nafuu kwa kuwa "zinakosea hesabu". Nafundisha kompyuta hapa Langoni, Lamu, na naomba nafasi nimjibu, kwani nami nusura niisingizie mashine.

Wanafunzi wangu waliandika programu ya lugha ya C inayosoma faili la maji kujaa na kupwa, ili nahodha ajue siku za bamvua na siku za maji mafu. Kwenye laptopu yangu yenye prosesa ya Intel majaribio yote yalipita. Tukaihamishia kwenye Raspberry Pi, mojawapo ya hizo kompyuta ndogo za bei nafuu, yenye prosesa ya ARM, kwa sababu haili umeme mwingi. Jaribio la kwanza likaganda. Tulilianza baada ya adhuhuri. Alasiri ikaadhiniwa, bado. Mwenzangu akasema tulifute jaribio hilo, tuendelee na kazi. Nilikataa katakata.

Binti mmoja akaongeza mstari wa kuchapa kila thamani inayosomwa. Faili lilipokwisha, laptopu ilichapa -1. Pi ikachapa 255, tena 255, tena 255, mpaka skrini ikajaa. Tulikuwa tumeiweka thamani hiyo katika aina iitwayo char, yenye nafasi ya baiti moja tu. Kwenye mfumo wa Linux wa Intel, char hubeba nambari hasi; kwenye wa ARM haibebi. Kwa hiyo ile -1 inayoashiria mwisho wa faili iligeuka 255, na programu ikazunguka bila kikomo. Ili tuwe na hakika, tuliijenga upya kwenye laptopu kwa chaguo la -funsigned-char. Laptopu nayo ikaganda vilevile! Tukabadilisha char kuwa int, aina yenye nafasi kubwa zaidi, neno moja tu, na mashine zote mbili zikapita.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba hata kwenye Intel kosa lilikuwepo. Baiti ya 255 ikitokea katikati ya faili, programu ingedhani faili limekwisha, na siku zilizobaki zingepotea kimyakimya. Nahodha angeziamini.

Jaribio jingine lilianguka kwa tarakimu ya mwisho kabisa ya desimali ya kina cha maji. ARM ya biti 64 huweza kuzidisha na kujumlisha kwa hatua moja, na kukadiria tarakimu ya mwisho mara moja. Programu yetu ya Intel ilikadiria mara mbili. Hapo jaribio ndilo lililokosea kwa kudai usawa kamili, tukaliwekea tofauti inayokubalika.

Hata Mradi wa Debian, unaotengeneza mfumo wa Linux, hujenga pakiti zake za programu kwa prosesa kadhaa, pamoja na s390x ya kompyuta kubwa za IBM inayopanga baiti kinyume na Intel, na kasoro zilizojificha huibukia huko.

Msomaji huyo akiwa bado na programu iliyokosea hesabu, ailete Langoni pamoja na mashine zote mbili. Tutaipitia naye mstari kwa mstari.

Mwalimu wa kompyuta,
Langoni, Lamu