Mjomba, hicho kichaka usikifyeke kwanza

Mjomba, shikamoo.

Ujumbe wako nimeupata. Unataka kufyeka kichaka cha mpakani, pale shamba linapokutana na msitu wa Vuria, na umesikia humo mna kandege kanakofuatwa na wageni wenye darubini. Nakujibu hadharani kwa sababu hata watu wa upande wa msitu wa Ngangao wana vichaka kama hicho.

Anaitwa apalisi wa Taita. Wataalamu walimpa jina mwaka 1938, na duniani kote haishi kwingine ila kwenye vipande vya msitu vilivyobaki juu ya vilima vyetu vya Taita, hapa Kenya. Amewekwa katika daraja la mwisho la hatari kabla ya kutoweka porini.

Usimtafute vileleni mwa miti. Hukaa chini, kwenye vichaka vilivyosokotana, akirukaruka vijitini na kudonoa wadudu. Ni mdogo, kama sentimita 12, na hapo mkia wake mrefu umo. Mgongo ni wa kijivu kilichokoza, tumbo jeupe, na kuanzia kooni hadi kifuani ni mweusi kama aliyepakwa masizi. Jike koo lake limefifia kidogo. Kisha mtazame jicho: jeupejeupe, linang'aa kwenye uso wa giza. Ukiona koo hilo na jicho hilo pamoja, ndiye.

Wengi humchanganya na yule mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Huyo naye ni wa Taita na anastahili kulindwa, ila ana mgongo wa kijani na hupita kwa makundi. Apalisi hana duara. Jicho lenyewe ndilo jeupe, na mara nyingi huwa wawili wakijibizana. Ukisikia sauti mbili zikipokezana kichakani, simama kimya uwangoje.

Sasa kuhusu panga. Miti mikubwa inaweza kusimama yote, lakini chini pakifyekwa au ng'ombe wakiingizwa, kwake msitu umekwisha: hana pa kula wala pa kuficha kiota. Najua kuni zinahitajika na mbuzi wanataka majani. Basi kata upande wa shambani, na ule unaogusa msitu uache ujifunge.

Ukimwona, mpige picha hata kwa simu, uandike tarehe na mahali, unitumie. Nitaipeleka kwa watu wa Nature Kenya, shirika la kuhifadhi mazingira. Wasalimie wote nyumbani.