Mafunzo ya kiangazi katika makumbusho ya sayansi yawe na ujira

Ndugu Mhariri,

Kila mwaka shule za Marekani zinapofungwa kwa likizo ya kiangazi, baadhi ya makumbusho ya sayansi nchini humo hupokea wanafunzi wa sekondari kwa mafunzo ya vitendo, hasa vijana Weusi, Walatino na wa makabila asilia, ambao bado ni wachache katika kazi za sayansi na uhandisi. Naiunga mkono mipango hiyo kwa moyo wote. Ninachoomba ni kwamba vijana hao walipwe, kwa sababu nafasi isiyo na ujira, hata ikitangazwa kwa ajili ya wasio na uwezo, huishia kwa yule ambaye wazazi wake wanamudu nauli na chakula chake kiangazi kizima.

Wapo wazazi wenzetu waliotoka Kongo na Burundi ambao kijana wao wa miaka 16, shule ikifungwa, huenda kupanga bidhaa dukani ili achangie kodi ya nyumba. Ukimwambia mzazi huyo kwamba mtoto aache mshahara huo apate cheti cha ushiriki, atakataa, nami siwezi kumlaumu.

Kulipa kunawezekana. Exploratorium, makumbusho ya sayansi ya San Francisco yaliyofunguliwa mwaka 1969 na mwanafizikia Frank Oppenheimer, imewaajiri wanafunzi wa sekondari kwa ujira tangu miaka yake ya mwanzo, bila kudai wawe tayari mabingwa wa sayansi. Kijana aliyevaa kizibao cha rangi ya chungwa hulipasua jicho la ng'ombe mbele ya wageni, akaitoa lenzi na kuiweka juu ya gazeti ili waone jinsi inavyokuza herufi. Anayeweza kuwaeleza watu wazima jambo hilo, na kuyakabili maswali yao papo hapo, amejifunza kitu ambacho mtihani haumpi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1987 kuhusu waliopitia kazi hiyo ulionyesha kwamba iliwaongezea hamu ya sayansi na hali ya kujiamini.

Kwa hiyo, makumbusho ambayo bajeti yake haitoshi kulipa vijana 20 ni afadhali yachukue 8, yawalipe pamoja na nauli, na yautaje ujira huo katika mstari wa kwanza wa tangazo, mapema, kabla kijana hajaahidi kiangazi chake kwa mwajiri mwingine.

Mzazi na msomaji wako,
Oakland, California