Risala ya Chama cha Falaki kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, wanabodi, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, itifaki yote imezingatiwa.

Karibu Malindi. Ni kwenye bahari hii, Desemba 12, 1970, setilaiti Uhuru iliporushwa kutoka jukwaa la San Marco, ikawa ya kwanza kutumwa mahususi kutafuta eksirei za angani. Ndiyo iliyogundua kwamba Centaurus X-3, chanzo kimoja cha eksirei angani, humetameta kila baada ya sekunde 4.8. Chama chetu ni mrithi wa kazi hiyo.

Mafanikio yetu ni makubwa. Tumechora kwa mkono grafu ya mizunguko ya 1E 2259+586, nyota ya nyutroni, yaani kiini kizito kilichobaki baada ya nyota kubwa kulipuka, yenye sumaku yapata mara trilioni mia moja ya ile ya Dunia. Hujizungusha kila sekunde 7 hivi, ikipungua kasi polepole. Mwaka 2002 iliongeza kasi ghafla, ikafyatua milipuko zaidi ya 80. Aprili 2012 ikafanya kinyume, ikapunguza kasi ghafla, na wataalamu wakashangaa.

Mheshimiwa, mabadiliko hayo ya ghafla huonekana kwa kuhesabu mizunguko bila kuupoteza hata mmoja. Ukiiacha nyota muda mrefu, hesabu hukatika. Data za setilaiti hutolewa bure mtandaoni, ila sisi huzipata kwa simu ya mwalimu mlezi. Kwenye grafu yetu kuna pengo la upana wa vidole vitatu. Nyota haikunyamaza; bando la mwalimu lilikwisha.

Tunamkumbuka kwa heshima mgeni rasmi wa mwaka juzi, aliyeahidi kompyuta kumi kabla ya muhula kwisha. Wazazi walichanga, meza kumi zikachongwa, madirisha yakatiwa vyuma. Mgeni wa mwaka jana naye aliahidi kulifuatilia jambo hilo. Meza tumezifunika leso za mama zetu, na kila Ijumaa tunazipangusa vumbi.

Kwa hiyo ombi tumelipunguza: kompyuta tatu, na intaneti inayolipiwa kila mwezi bila kukatika. Ikibidi kuchagua, tupe kompyuta moja, lakini intaneti isikose. Kompyuta kumi zisizo na mtandao haziwezi kuhesabu mzunguko hata mmoja.

Barua yetu anayo mwalimu mlezi, pamoja na ufunguo. Chumba cha meza hizo ni mlango wa pili baada ya maabara. Tafadhali, Mheshimiwa, kabla ya chakula, tufuate ukakione.