Barua kwa wazazi: kwa nini watoto wanasoma kemia kwenye kompyuta

Lubumbashi, mwisho wa trimesta ya pili

Wapendwa Baba na Mama wazazi,

Poleni na kazi. Buletini (ripoti za alama) zitatolewa Jumamosi asubuhi. Ya minerval (karo) na ya nidhamu tutayazungumza hapo ana kwa ana. Leo naandika juu ya jambo moja ambalo wengi wenu mmeniuliza: kwa nini watoto wa opsyo (mchepuo) ya Kemia-Biolojia wanafanyia majaribio kwenye kompyuta?

Maabara yetu mnaijua. Bireti, ile mirija ya kupimia dawa tone kwa tone, zilizobaki nzima hazitoshi darasa moja, na asidi huisha kabla ya trimesta. Mwalimu hufanya jaribio mbele, na walioketi nyuma hunakili kwa wenzao. Mtoto wa hivyo anafika Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, hajawahi kushika bireti. Jambo hili linaniuma.

Ndiyo maana tumeleta maabara za kompyuta, zikiwemo za PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia ya mwaka 2001. Ni za bure, na zikishapakuliwa hazihitaji intaneti.

Niliketi nyuma ya msichana mmoja akipima mililita 25 za asidi hidrokloriki kwa kuidondoshea hidroksidi ya sodiamu mpaka asidi iishe nguvu, zote za moli 0.1 kwa lita. Kwenye mililita 24.95 za hidroksidi, pH (kipimo cha uasidi) bado ni 4. Matone mawili tu baadaye imeruka hadi 10, na maji yamegeuka waridi kwa dawa ya kiashiria. Alipitiliza, akafuta, akaanza upya, tena na tena, wala hakuna aliyemgombeza kwa kupoteza dawa. Mwishowe alianza kupunguza mwendo mwenyewe kabla ya kufika pale, tone kwa tone. Hapo nilijua ameelewa.

Lakini kompyuta haichomi. Asidi ya salfa iliyo kali ukiimiminia maji, huchemka na kukurukia usoni. Ni lazima asidi ndiyo imiminwe ndani ya maji, polepole. Hilo mtoto hulishika vizuri akisikia chupa ikipata moto mkononi mwake. Kwa hiyo utaratibu wetu ni huu: kwanza kompyuta, kisha meza, na kila kikundi kifanye jaribio la kweli kikiwa na miwani ya kinga. Sitakubali kompyuta iwe sababu ya kufunga maabara.

Tena sisi ni watu wa shaba. Tanuru la mji huu lilimimina shaba yake ya kwanza mwaka 1911, na leo viwandani madini huyeyushwa kwa asidi ya salfa, kisha umeme huivuta shaba mpaka igande kwenye bamba. Watoto watasoma hayo trimesta ijayo. Mzazi anayefanya kazi kwenye elektrolisi, yaani hiyo kazi ya umeme, tafadhali uje utuambie. Tutakutengea saa nzima.

Likizoni, mkimwona mtoto na simu ana karatasi ya mazoezi ya kemia pembeni, msimnyang'anye. Mwambieni awaonyeshe anachofanya. Asiye na simu nyumbani aje shuleni Jumanne au Alhamisi asubuhi, chumba cha kompyuta kitakuwa wazi. Na wasichana nao wapewe nafasi hiyo, kazi za nyumbani zigawanywe na kaka zao.

Wenu katika kazi ya kulea,
Prefe wa Masomo (mkuu wa shule)