Umehama, umeamka na vipele: kabla ya kupuliza dawa, mtafute kunguni kwanza

Kwetu sisi tunaofanya kazi ya kuua kunguni majumbani, simu za wateja huongezeka mwisho wa mwezi, watu wanapohama. Mteja amelala nyumba mpya usiku wa pili au wa tatu, ameamka na vipele vitatu vimejipanga mkononi, na anataka tufike leo hii na pampu ya dawa. Tunamwelewa. Kunguni humnyima mtu usingizi hata pale ambapo hayupo. Lakini jibu letu la kwanza ni lile lile, na si kila mtu hulipenda: usipulize kitu, usitupe godoro, na usihame chumba unacholala.

Tunasema hivyo kwa sababu kazi ya kuua kunguni si ngumu sana wakiwa bado wamejibana sehemu moja. Huwa ngumu baada ya mwenye nyumba kuwatawanya. Mtu anapopuliza dawa ya kopo juu ya kitanda, wachache wanakufa, waliobaki wanaingia kwenye nyufa za ukuta na vyumba vya jirani. Akihamia kwenye kochi, kochi nalo linapata wageni. Yaani tatizo la kitanda kimoja linakuwa la nyumba nzima ndani ya wiki chache, na gharama yake inapanda vivyo hivyo.

Vipele peke yake havithibitishi

Mbu anauma, kiroboto anauma (huyu hupenda zaidi miguu, kuanzia goti kushuka chini), na kuna upele, na kuna mzio wa sabuni mpya au rangi ya ukuta iliyopakwa juzi. Vyote vinaweza kufanana kwa macho. Ule usemi kwamba alama tatu kwenye mstari lazima ni kunguni tumeusikia mara nyingi, na si wa kutegemea. Wapo watu wanaoumwa na kunguni kila usiku na ngozi yao haioneshi chochote. Ndiyo maana mke anaweza kuamka amevimba shingo nzima, mume aliyelala ubavuni pake akashangaa anajikunia nini.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: alama ya kuumwa inaweza kuchelewa kujitokeza, wakati mwingine hadi siku 14. Kwa hiyo kipele ulichokiona asubuhi ya leo kinaweza kuwa cha nyumba uliyotoka, au cha nyumba ya wageni uliyolala njiani. Tarehe ya kipele haikuambii mahali ulipoumwa. Kinachothibitisha ni mdudu mwenyewe au athari alizoacha.

Pa kuanzia ni mchagoni

Chukua tochi, kadi ngumu ya plastiki usiyoitumia tena, selotepu na kitambaa cheupe chenye unyevu. Anza upande wa mchagoni, kwa sababu kunguni hufuata joto la mwili na hewa unayoitoa kifuani, na huko ndiko kichwa kilipo. Fuata mishono ya godoro pembe kwa pembe, inua lebo, kisha litoe godoro kabisa. Sasa njoo kwenye kitanda chenyewe, maana hapa ndipo watu wengi huishia njiani. Toa chaga moja moja uzigeuze. Mulika pale mfumbati unapoingia kwenye tendegu, na kwenye matundu ya skrubu. Pitisha kadi kwenye kila upenyo unaoweza kuipokea, maana upenyo huo unampokea kunguni pia. Kitanda cha chuma hakikupi kinga: mabomba yake ni matupu ndani, na ncha zisizozibwa ni makao mazuri tu.

Kunguni mzima ana urefu wa milimita 5 hadi 7, bapa, rangi ya kahawia, hana mabawa na haruki. Akishiba damu hurefuka na kuwa mwekundu. Watoto wake ndio wanaotukwepa macho: wa kwanza ana milimita moja na nusu tu na karibu anapitisha mwanga. Mayai ni meupe, kama milimita 1, yamegandishwa kwenye mbao kwa ute. Kabla ya kukomaa kunguni hujivua gamba mara tano, na kila mara lazima awe amekunywa damu, hivyo magamba matupu ya rangi ya asali ni ushahidi mzuri. Kuna pia vidoa vyeusi vilivyojikusanya kwenye mishono au nyufa. Vipanguse kwa kitambaa chenye unyevu: vya kunguni hutanuka kama wino na kuacha rangi ya kutu, kwa kuwa ni damu iliyokwisha kusagwa tumboni. Punje kavu zinazodondoka bila kuchafua kitambaa mara nyingi ni za mende.

Ukipata mdudu, mnase kwa selotepu umbandike kwenye karatasi nyeupe. Usimponde. Hesabu miguu. Kunguni ana sita. Akiwa na minane na umemtoa kwenye ufa wa sakafu ya udongo, huyo huenda ni papasi, na papasi ni habari nyingine kabisa kwa sababu hueneza homa. Kunguni, pamoja na karaha yake yote, hajathibitika kueneza ugonjwa kwa binadamu kwa kumuuma. Anachosababisha ni muwasho, vidonda vya kujikuna vinavyoweza kuingia uchafu, na usingizi kupotea.

Usipoona kitu, usifunge jalada bado. Sogeza kitanda kisiguse ukuta, hakikisha shuka na chandarua haviburuzi sakafuni, na weka kikombe cha mtego chini ya kila tendegu. Mdudu akitaka kupanda au kushuka atanaswa humo. Angalizo dogo la kiufundi: wako kunguni wa aina mbili wanaoishi na watu, Cimex lectularius na yule wa nchi za joto, Cimex hemipterus. Huyu wa pili hushika vizuri zaidi sehemu laini na anaweza kupanda ukuta wa kikombe cha plastiki, hivyo nyunyiza poda kidogo ya mtoto ndani. Kagua vikombe kila asubuhi kwa wiki mbili.

Ulikuja nao au uliwakuta?

Swali hili ndilo linalozua ugomvi kati ya mpangaji na mwenye nyumba, na sisi hujikuta katikati. Mara nyingi jibu lipo, ila lazima utazame kabla hujagusa vitu.

Nyumba iliyokaa tupu haimaanishi imekwisha kunguni. Mzima anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula, na kadiri mahali palipo na ubaridi ndivyo anavyodumu zaidi. Kwa hiyo wapangaji waliokutangulia wakiondoka na vitanda vyao, waliobaki kwenye kuta wanasubiri tu. Dalili zake ni hizi: magamba makuukuu na vidoa vyeusi kwenye nyufa za ukuta, nyuma ya fremu za milango, ndani ya swichi na soketi, kwenye reli za mapazia, sehemu ambazo vitu vyako havijafika. Vidoa vilivyofunikwa na rangi mpya ni ushahidi mkubwa zaidi. Na kunguni mwenye njaa hangoji giza. Ukimwona anatembea ukutani mchana kweupe kwenye nyumba uliyohamia juzi, huyo alikuwepo.

Upande wa pili, kuta zikiwa safi na ukakuta wadudu wa kila umri, mayai na magamba vyote ndani ya viungo vya kitanda chako, basi ulisafiri nao. Familia ya namna hiyo haijengeki kwa siku tatu. Kuanzia yai hadi kunguni anayetaga, hata kwenye joto zuri, ni mwezi na zaidi.

Kuna uwezekano wa tatu ambao watu husahau: gari la kuhamishia. Mablanketi ya kufungia samani na magodoro chakavu yanayowekwa chini ya makabati hupita nyumba nyingi. Hapo utakuta mmoja wawili tu, kwenye kochi au pembeni mwa kabati, bila vidoa wala magamba. Hali hii ndiyo rahisi kuliko zote kuimaliza, mradi usichelewe.

Hata jibu likoje, piga picha zenye tarehe na umwandikie mwenye nyumba mapema, kwa lugha ya kawaida, bila kumshutumu. Kama mnashirikiana kuta na majirani, nao waambiwe. Aibu ndiyo inayowafanya watu wanyamaze hadi jengo zima linaugua, na hakuna sababu ya aibu yenyewe, maana kunguni hatafuti uchafu. Anatafuta damu, na damu ya msafi ni damu.

Wakati unatusubiri

Kwa vile ndiyo kwanza umehama, una bahati moja: vitu vingi bado vimefungwa. Usifungue maboksi chumbani. Nguo na shuka zitie kwenye mifuko ya plastiki uifunge kabisa kabla ya kuzitoa chumbani, kisha zifue kwa maji ya moto, nyuzi 60 kwenda juu. Kama kuna mashine ya kukausha, nusu saa kwenye moto mkali inatosha kuua wakubwa na mayai. Vitu vidogo visivyofulika vinaweza kukaa kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne. Nguo zilizokwisha kusafishwa ziweke kwenye mifuko mipya; ile ya zamani itupwe nje.

Godoro kuanika juani? Haliharibiki, lakini usilitegemee. Joto linalohitajika kuua mayai ni karibu nyuzi 50 na lifike hadi ndani, na jua hupasha upande mmoja tu huku wadudu wakijihamishia upande wenye kivuli. Afadhali ulifunike kwa mfuko maalumu wenye zipu unaoziba godoro zima, uliache humo zaidi ya mwaka. Waliomo ndani watakufa njaa na wa nje hawataingia. Godoro hilo hilo usilitupe barabarani; likishaoza kabisa na lazima liondoke, lichane na uliandike kwamba lina kunguni, maana kuna mtu ataliokota.

Na endelea kulala kitandani kwako. Tunajua hili ni gumu kumwambia mtu, lakini kitanda kilichotengwa na ukuta, chenye mitego chini ya matendegu, ndicho kinachowakusanya sehemu tunayoweza kuwamaliza.

Vitu ambavyo hatutavitumia, nawe usivitumie

Mafuta ya taa na petroli huunguza nyumba. Dawa za shambani hazikutengenezwa kwa chumba anacholala mtoto. Lakini linalotutisha kuliko yote ni vidonge vya kuhifadhia nafaka, vile vya alumini fosfidi. Vikipata unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo imeua familia zikiwa zimelala, pamoja na majirani ambao hawakujua kinachoendelea upande wa pili wa ukuta. Mtu akija kwako na kukushauri uviweke chini ya kitanda, mtoe nje. Kama vimekwisha kuwekwa, usiingie kuviondoa: toa watu wote, waarifu majirani, na mwite zimamoto.

Makopo ya dawa yanayofukiza chumba kizima kwa moshi si hatari kiasi hicho, ila hayafai. Moshi hautui ndani ya nyufa kunguni walimojificha. Isitoshe, usugu ni jambo la zamani: kunguni wasiokufa kwa DDT, dawa ya wadudu ya enzi hizo, waliripotiwa Pearl Harbor huko Hawaii tangu 1947, na leo dawa nyingi za dukani ni za kundi la pairethroidi, ambalo kunguni wengi wamekwisha kulizoea.

Tukija, tunafanya nini

Ziara ya kwanza ni ya ukaguzi. Tusipoona mdudu wala alama, hatupulizi. Tutaacha mitego na kurudi kuitazama. Wateja wengine hudhani tunakwepa kazi. Ukweli ni kwamba kumwaga sumu kwenye chumba kisicho na kunguni ni kukuuzia hofu yako mwenyewe.

Tukiwapata, tunaanza na mashine ya kufyonza vumbi na mvuke wa moto kwenye mishono na viungo, kwa sababu hakuna kunguni mwenye usugu dhidi ya mvuke. Dawa ya maji hufuata kwenye nyufa na fremu za kitanda tu, na unga wa silika ndani ya matundu ya ukuta, ambako humkausha mdudu anayeupitia. Unga huo hauwekwi juu ya godoro wala mahali unapoweza kuuvuta puani. Watu, wanyama wa kufugwa na vyombo vya kulia vitoke mpaka sakafu ikauke.

Kisha tunarudi baada ya kama wiki mbili, na ziara hii si ya hiari. Dawa nyingi haziui mayai, na mayai huanguliwa kati ya siku 6 na 10. Tukirudi wakati huo, watoto wametoka na hakuna aliyekomaa kutaga. Mteja anayeahirisha ziara ya pili kwa kuwa haumwi tena hutupigia upya baada ya miezi miwili. Katikati ya ziara hizo usideki pembezoni mwa kuta wala kufuta fremu tulizopuliza. Mitego ibaki, na tunahesabu kazi imekwisha baada ya wiki nane bila mdudu wala kidoa kipya.

Kabla ya kupiga simu, piga picha ya ulichokinasa kwenye selotepu, weka sarafu kando yake ili tuone ukubwa, na ututumie. Mara nyingine picha hiyo inatosha kukuokolea gharama ya kutuita.