Riwaya yangu haina darasa

Mhariri,

Nimeulizwa swali moja kuhusu riwaya yangu ya Kiswahili katika ofisi tatu za wachapishaji wa Kampala, na mara zote tatu nimekosa jibu: "Ni ya darasa la ngapi?"

Mara ya kwanza nilimwambia yule dada wa mapokezi kwamba hii ni riwaya, ni ya watu wazima. Aliupima mswada mkononi kama anayenunua samaki, kurasa 284 zilizofungwa kwa uzi, kisha akauliza tena kwa upole: sawa kaka, lakini ni ya msingi au ya sekondari? Hakuwa na kiburi. Fomu aliyopewa ajaze ilikuwa na nafasi ya darasa na nafasi ya somo, basi.

Mimi ni wakala wa forodha hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, mwaka wa 14 sasa. Riwaya hii niliiandika usiku katika kaunta buku tano, nikisubiri magari yatolewe. Anayeujua mpaka huu anajua kusubiri ni nini. Mtandao ukilala, foleni ya malori inarudi upande wa Kenya hadi usione mkia wake, na dereva wa kwenda Juba anatandika mkeka chini ya trela. Hao ndio wasomaji wangu wa kwanza. Usiku mmoja niliwasomea sura ya tatu kwa tochi ya simu. Dereva mmoja wa Mombasa aliondoka kabla sijamaliza, maana karatasi zake zilikuwa zimetoka. Aliporudi gari tupu, wiki mbili baadaye, hata salamu hakutoa: "Yule tanboi alivuka Elegu au walimshika?" Alimaanisha utingo wa lori katika hadithi yangu, na mpaka wa kuingia Sudan Kusini.

Kwa hiyo nikiambiwa Kampala kwamba Uganda hakuna anayesoma Kiswahili, siwezi kuitikia tu. Historia naijua. Wako bibi zetu waliokisikia Kiswahili usiku, kikitoka kwa mwanajeshi mwenye bunduki mlangoni, na wengine hawajakisamehe hadi leo. Lakini marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, tunavaa vitenge, tunakariri mashairi, tunapiga picha. Mtoto akishazimaliza ngeli zake, tunampa nini asome kitandani?

Simlaumu mfanyabiashara. Kitabu cha kiada kikikubaliwa mashuleni kinanunuliwa kwa maboksi. Riwaya inanunuliwa moja moja, na mtu anayeomba kupunguziwa. Mhariri wa ofisi ya pili alinieleza hivyo bila kuzunguka, nami nilimheshimu kwa hilo. Kisha akanipa ushauri: "Weka maswali ya ufahamu mwishoni mwa kila sura, halafu tutaona."

Nilijaribu, haki ya Mungu. Sura ya saba, mke wa dereva anafungua mfuko wa nguo za mumewe ulioletwa na polisi. Nikaandika: "1. Taja vitu vitatu vilivyokuwa ndani ya mfuko." Nikalitazama swali hilo kwa muda, nikafunga daftari, nikaenda kulala.

Hata kuufikisha mswada ofisini kulikuwa na safari yake. Binti aliyenichapia, jirani na kituo cha mabasi, ni mchapakazi, ila kompyuta yake inajua Kiingereza tu. Ilipiga mstari mwekundu chini ya kila neno langu, naye akadhani ni makosa yangu, akawa anakubali kila inachopendekeza. "Kama" likawa "karma". "Hata" likawa "hats". "Wake" likaachwa salama, kwa kuwa Waingereza nao wanalo la kwao. Nilipoupokea, shujaa wangu alikuwa anaendesha lori karma mwendawazimu. Kusahihisha kulinichukua miezi minne, na nililipa mara mbili.

Nilituma pia Dar es Salaam. Huko walau waliusoma, sura mbili nzima, na wakaurudisha na maoni pembeni kwa kalamu nyekundu. Nilifurahi kupita kiasi, nakiri. Mengine yalikuwa ya haki, maana viambishi vyangu huteleza. Lakini pale tanboi anapoamka na njaa na kula rolekisi mbili, msomaji wao alikuwa ameandika: "Mhusika anawezaje kula saa za mkono?" Chapati na mayai, ndugu yangu! Uganda nzima inakula hiyo. Hitimisho la barua lilikuwa kwamba Kiswahili changu kina "uganda mwingi". Basi kwetu nimekuwa Mswahili mno, kwa Waswahili nimekuwa Mganda mno.

Atasema mtu kwamba niandike Kiingereza. Riwaya ya Jennifer Nansubuga Makumbi, *Kintu*, ni ya Kiingereza, na bado ilifunguliwa mlango Nairobi: mswada wake ulishinda shindano la wachapishaji wa huko, Kwani?, mwaka 2013, kitabu kikatoka huko mwaka uliofuata. Mswada wa Mganda huvuka Malaba ndipo uwe kitabu. Mimi ninayegonga mihuri hapa naona kichekesho ndani yake.

Imebaki Nasser Road, mtaa wa Kampala ambako kila kitu huchapwa. Nilikwenda mwezi uliopita. Kati ya kadi za harusi na kalenda za wanasiasa nikapewa bei ya nakala 500: shilingi milioni 6, nusu kabla mashine haijawashwa. Tuseme nimeuza pikipiki yangu na nimezipata. Nimpelekee nani? Mwenye duka la vitabu niliyemuuliza alikubali nakala kumi kwa mali kauli, na fungu lake ni zaidi ya theluthi ya bei. Nakala 490 zilizobaki zingekaa chini ya kitanda, na mke wangu ameshaniambia kitanda hicho ni cha nani.

Ninachoomba kwa wachapishaji wa Kampala ni kidogo. Tajeni muda: miezi mitatu, sita, mwaka, vyovyote. Muda ukifika, mwambieni mtu "hapana" kwa maandishi. Ofisi ya tatu inao mswada wangu tangu mwaka juzi. Nikipiga simu naambiwa uko mezani kwa mkubwa, na mkubwa yuko semina. Kontena likikaa bandarini hivyo, mwenye mzigo angekuwa ameshakwenda mahakamani. Na wizara inaponunua vitabu vya Kiswahili vya shule, itenge japo sehemu ndogo kwa riwaya zilizoandikwa humu nchini, zisizo na maswali mwishoni.

La mwisho ni lako, Mhariri. Magazeti ya Tanzania yamechapa hadithi za mfululizo tangu nikiwa mtoto. Baba alikuwa akinunua gazeti la siku mbili zilizopita kutoka kwa makondakta, kwa ajili ya ukurasa huo tu. Gazeti lako lina nusu ukurasa wa nyota na bahati kila Jumamosi. Mwezi mmoja, mpe nafasi hiyo mwandishi asiye na kitabu, awe mimi au mwingine, uone kama hawatakupigia simu kuuliza kilichoendelea.

Sura yangu ya kwanza ina maneno 1,900. Nimeikagua mwenyewe neno kwa neno, na "karma" hamna tena.

Wako,
Wakala wa forodha,
Malaba