Rehema, huyo aliyekupigia simu usimlipe

Mwanangu Rehema,

Asalaam alaikum. Huku Tanga hatujambo. Mama yako goti linamsumbua, lakini sokoni haachi kwenda. Mkataba wako wa hoteli ya Orlando, Florida, ule wa kumiliki wiki ya mapumziko wanaouita "timeshare", nimeusoma wote, pamoja na zile kurasa za herufi ndogo ulizoniambia nisihangaike nazo. Nilikaa dawati la mikopo benki mpaka nikastaafu, na siku zote nilianzia kwenye herufi ndogo.

Hesabu kwanza. Wiki moja ya mapumziko kwa mwaka wamekuuzia dola 22,000. Ulitanguliza 2,200, zilizobaki, 19,800, wakakukopesha wao wenyewe kwa riba ya asilimia 15, miaka 10. Hiyo ni karibu dola 319 kila mwezi, na mpaka umalize utakuwa umetoa zaidi ya 38,000 kwa mkopo peke yake. Ada ya matunzo iko kando, wanaipandisha kila mwaka, uende usiende. Tena mkopo ukiisha ada haikomi, kwa sababu umiliki wenyewe hauna kikomo. Uliniuliza kama wanao wataurithi. Marekani mrithi anaruhusiwa kukataa urithi wa namna hiyo kwa maandishi, kwa hiyo wajukuu wangu waache walale.

Sheria ya Florida humpa mnunuzi siku 10 za kuvunja mkataba bila kutoa sababu, na muuzaji hawezi kumsainisha aziache. Zako zimepita. Ulisaini watoto wakilia njaa, baada ya maelezo yaliyokula mchana mzima, mbele ya watu waliofunzwa kazi hiyo. Sikulaumu.

Ninayemhofia ni huyu aliyekupigia simu akisema atakutoa kwenye mkataba. Anajua jina la hoteli, anajua unadaiwa, anasema ana mawakili. Anataka umlipe dola 6,000 kwanza, uache kulipa kule, hoteli usizungumze nayo tena, eti baada ya miezi sita umetoka, la sivyo anakurudishia pesa. Kinachonitisha zaidi ni hilo la kukukataza kuzungumza na hoteli. Wakili wa kweli anaweza kukuambia barua zipitie kwake. Huyu anaogopa utaiuliza hoteli, uambiwe hajawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Ukiacha kulipa, hoteli inakuripoti, rekodi yako ya mikopo inachafuka, mwishowe wanaichukua ile wiki kama rehani ya deni; hapo ndipo atakapokupigia, "Unaona? Tumekutoa." Elfu sita kala, na ile nyumba mnayoitaka wewe na Idrisa hakuna benki ya kuwakopesha.

Mchezo huu una wenyewe. Novemba 2022 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, ile FTC, pamoja na jimbo la Wisconsin, walishitaki kampuni za Missouri kwa mtindo huu huu, wakidai zilikusanya zaidi ya dola milioni 90, nyingi kutoka kwa wazee. Wenye wiki zao Mexico ndio hatarini zaidi: genge la dawa za kulevya la Jalisco hujifanya madalali wenye mnunuzi mkononi, likidai "kodi" kabla ya mauzo. FBI ilipokea taarifa za wahanga wapatao 6,000 Marekani kati ya 2019 na 2023, hasara karibu dola milioni 300. Ukishaibiwa anapiga mwingine, anajiita ofisa wa serikali, atakurudishia zote ukilipia gharama kidogo. Nawe ukisikia neno mnunuzi, kumbuka kwenye intaneti zipo wiki zinazouzwa dola 1 na hazipati mtu.

Anayeweza kulitoa jina lako kwenye mkataba ni kampuni iliyokuuzia. Kampuni nyingi kubwa zina kitengo cha kupokea wiki ambazo wenyewe wamezichoka, bure au kwa ada ndogo, ila kwa kawaida hutaka mkopo uwe umeisha na ada hazidaiwi. Piga namba iliyo kwenye mkataba, si aliyokupa huyo bwana, uwaulize masharti, wakujibu kwa maandishi. Kisha nenda chama cha akiba na mikopo cha hospitali yenu, uombe mkopo wa riba nafuu wa kulimaliza deni la hoteli. Hata tukichukulia deni zima la 19,800, kwa riba ya asilimia 9 na miaka 5 ungelipa kama 411 kwa mwezi, jumla haifiki 25,000. Inauma kulipia kitu ili ukirudishe, najua, lakini kati ya njia zote naiona hii ndiyo yenye mwisho. Na kama muuzaji alikuahidi kwa mdomo kwamba watainunua tena, andika alivyosema na tarehe, upeleke malalamiko kwa Mwanasheria Mkuu wa Florida. Hawatozi kitu.

Idrisa mwambie leo. Mkwe wangu si mtu wa kelele, na anayedaiwa kwa siri ndiye mteja wanayempenda hawa.

Usisaini karatasi yoyote kabla hujanitumia picha yake. Na kama umeshampa namba ya kadi yako, iache barua hii hapa hapa, upige simu benki waifunge, uyapinge malipo.

Baba yako